Jikoni kwa Wajapani (3): Kibakuli kando ya gyoza

Wiki iliyopita tulikunja gyoza, yaani vifuko vya unga vyenye nyama ndani, tukazikaanga upande mmoja mpaka zikawa za kahawia, kisha tukamwagia maji kidogo na kufunika ziive kwa mvuke. Leo tuandae mchuzi wake wa kuchovyea, ambao Wajapani huuita tare. Haupikwi, na hauchukui hata dakika tano. Lakini ukikosea vipimo, utakachoonja ni chumvi tupu, na kazi yote ya wiki iliyopita itakuwa imekwenda bure.

Tuanze na siki, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi huionea shaka. Ili kuelewa kazi yake, tutazame kwanza gyoza zilikotoka. Gyoza ni mgeni Japani. Jina lake limetokana na jiaozi ya Wachina, na kaskazini mwa China jiaozi huliwa zaidi zikiwa zimechemshwa. Japani zilienea baada ya mwaka 1945, wanajeshi na walowezi waliporudi kutoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, wakiwa wamekwisha kuonja chakula hicho. Mji wa Utsunomiya, ambako Divisheni ya 14 ya jeshi la Japani, iliyowahi kupelekwa Manchuria, ilikuwa na makao yake, mpaka leo unajivunia gyoza kuliko kitu kingine, na mbele ya stesheni yake ya reli imesimama sanamu ya gyoza iliyochongwa kwa jiwe. Wajapani walizipenda za kukaanga, wakazifanya kitoweo cha wali.

Ndipo siki ilipopata kazi. Ndani ya gyoza mna nyama, kwa kawaida ya nguruwe, na nje kuna mafuta ya kikaango. Ukila tatu, mafuta yameshatanda ulimini na ya nne huisikii ladha. Uchachu huchochea mate, ulimi ukasafika. Anayekamulia ndimu sambusa anafanya jambo hilo hilo, hata kama hajawahi kujiuliza sababu.

Nguzo ya pili ni shoyu, yaani mchuzi wa soya. Hutengenezwa kwa soya, ngano, chumvi na kuvu ya koji, ambayo kwa jina la kisayansi ni Aspergillus oryzae. Katika miezi ya kuchachuka, protini za soya huvunjika na kuzaa, pamoja na mengine, glutamati. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitenga glutamati kutoka mwani uitwao kombu, na ladha yake akaiita umami. Ni ule ukolevu unaousikia katika supu ya mifupa iliyochemka kutwa, ambao si chumvi wala si sukari.

Hata hivyo shoyu ya kawaida, koikuchi, ina chumvi ya takriban asilimia 16. Ndiyo maana haimwagwi peke yake kibakulini. Ipo pia usukuchi, yenye rangi hafifu. Usidanganywe na weupe wake, chumvi yake ni kali zaidi.

Vipimo vya walaji wawili ni hivi: vijiko vikubwa 2 vya shoyu, vijiko vikubwa 2 vya siki ya mchele, na matone machache ya rayu, yaani mafuta ya pilipili. Koroga, basi. Ukitaka, ongeza tangawizi kidogo iliyokwaruzwa. Sukari haihitajiki, kwani siki ya mchele ni pole.

Kama dukani kuna siki nyeupe tu, fahamu kwamba ukali wake huchoma koo. Tumia kijiko kikubwa kimoja na nusu, nusu kijiko cha maji na sukari ya kubana kwa vidole viwili. Maji ya ndimu nayo yanafaa: Wajapani wenyewe wana ponzu, mchuzi unaopata uchachu wake kutoka matunda ya jamii ya ndimu kama yuzu na sudachi.

Rayu unaweza kuitengeneza nyumbani. Weka kijiko kidogo cha pilipili kavu iliyosagwa katika bakuli kavu la kuhimili moto. Pasha vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia. Dondoshea chembe moja ya pilipili: ikichemka taratibu, mafuta yako tayari, ikiwa nyeusi papo hapo, yamezidi moto, yaache yapoe kidogo. Yamimine juu ya pilipili, kisha ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya ufuta uliokaangwa. Ufuta unaingia mwisho kwa sababu harufu yake hupotea kwenye moto mkali. Na harufu hiyo si ngeni kwetu: Japani huagiza kutoka nje karibu ufuta wake wote, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia.

Wanaojiepusha na pombe wasome maandishi ya chupa. Shoyu iliyochachuliwa kwa njia ya asili huwa na alkoholi kidogo, na baadhi ya viwanda huongeza nyingine ili isiharibike. Zipo zilizothibitishwa kuwa halali.

Mezani, usimchanganyie mgeni. Katika migahawa ya gyoza chupa za shoyu, siki na rayu hukaa mezani na kila mtu hujipimia. Wapo wanaoiacha shoyu kabisa, wakachovya katika siki iliyonyunyiziwa pilipili manga. Katika mji wa Kobe wamezoea mchuzi wa miso, yaani rojo ya soya iliyochachuliwa. Chovya upande laini wenye mikunjo, ule uliokauka ubaki juu. Ukiuzamisha, ukavu wake unaolia menoni utaloa.

Wiki ijayo tutapika supu ya miso, na humo tutaikuta tena kuvu ile ile ya koji.