Je, Wajua? Intaneti kwa Sikio, kwa Kidole, kwa Jicho Hafifu

Je, wajua kwamba asiyeona anaweza kutumia intaneti bila mtu wa kumsomea? Simu au kompyuta yake ina kisoma skrini, programu inayotamka kilichoandikwa kwenye kioo au kukipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu, ambako vijinukta huinuka na kushuka chini ya vidole vyake. Aliyekizoea hukisikiliza kwa kasi ambayo mgeni haambulii hata neno.

Wajua nani waliziunda programu hizo? Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki, alipofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978. Akajifunza kuandika programu, na mwaka 1989 ikatoka JAWS. Ilikuwa na bei ambayo wengi hawakuimudu. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, akaanza kuunda NVDA ili itolewe bure. Akaungana na James Teh, naye haoni. Hadi leo NVDA ni bure.

Simu yako huenda inacho kisoma skrini tayari. iPhone ilikipata mwaka 2009, kikiitwa VoiceOver, na Android ikawa na TalkBack mwaka huohuo. Kitafute kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Kikishawaka, kugusa mara moja ni kusikia. Kugusa mara mbili ndiko kubonyeza. Fumba macho ujaribu kusoma gazeti unalolipenda. Dakika chache zitakufunza mengi kuliko makala hii.

Je, wajua kwamba picha bila maelezo ni ukimya mtupu? Tangu miaka ya 1990 lugha ya kuundia kurasa ina nafasi ya kuandika maelezo mafupi nyuma ya picha, yasiyoonekana kwenye kioo ila husomwa kwa sauti. Mara nyingi mno nafasi hiyo huachwa tupu. Kwetu sisi tatizo ni zito zaidi, kwa sababu habari yenyewe tunaigeuza picha. Tangazo la ajira hutoka kama bango la rangi. Ratiba ya mitihani hupigwa picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp. Barua ya ofisi huchapwa kwenye kompyuta, huchapishwa, hutiwa saini na muhuri, kisha huskaniwa na kupakiwa mtandaoni: maandishi yaliyokuwa yakisomeka na kila mashine yamekuwa picha ya karatasi. Akili bandia siku hizi hujaribu kuyasoma, lakini inaweza kukosea jina, tarehe au namba ya simu, na hayo ndiyo hasa mwombaji kazi anayoyahitaji. Dawa ni kubandika maneno yaleyale chini ya bango. Aliyetengeneza bango anayo tayari.

Wajua kwamba herufi mbili zinaweza kuharibu ukurasa mzima wa Kiswahili? Ndani ya msimbo wa ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha: sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza. Watengenezaji wengi huanza na kiolezo kilichoandikwa en na kukiacha hivyohivyo. Kisoma skrini hutii kinachoambiwa. Kitaisoma habari ya Kiswahili kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza, irabu zikapotoka, na msikilizaji akabaki akibahatisha maana katika lugha yake mwenyewe. Sauti ya Kiswahili ipo: eSpeak NG, mtambo wa sauti wa bure unaokuja na NVDA, inayo. Inasubiri kuitwa tu.

Je, wajua kwamba wengi wanaotumia visoma skrini huruka kutoka kichwa kidogo hadi kingine, au huomba orodha ya viungo pekee? Ukurasa wenye viungo kumi vyote vikiitwa “bonyeza hapa” huwapa orodha ya “bonyeza hapa” mara kumi.

Wajua kwamba Vint Cerf, aliyebuni pamoja na Robert Kahn kanuni zinazoziwezesha kompyuta duniani kuwasiliana, ana usikivu hafifu tangu utotoni? Mkewe Sigrid alikuwa kiziwi. Barua pepe, yaani mazungumzo yasiyohitaji sikio, ilikuwa na thamani ya pekee nyumbani kwao. Na manukuu yanayojiandika yenyewe kwenye video za YouTube, yaliyoanza mwaka 2009, yalifanyiwa kazi na mhandisi kiziwi wa Google, Ken Harrenstien.

Manukuu hayatoshi kwa kila kiziwi. Aliyekulia katika lugha ya alama anaweza kuyaona maandishi ya Kiswahili kama lugha ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya pamoja na nukta nundu, na kuiagiza serikali iviendeleze.

Wajua uwiano wa 4.5 kwa 1? Ndiyo tofauti ya chini ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake inayotakiwa na WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Mwaka 2024 taasisi ya WebAIM ya Marekani ilipima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, ikakuta asilimia 95.9 zina kasoro za ufikivu, na iliyoongoza ni maandishi yaliyofifia. Watu wenye ualbino, ambao macho yao kwa kawaida huona hafifu na huumizwa na mwanga mkali, wanaijua vizuri kijivu ile juu ya nyeupe.

Mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mimweko ya aina hiyo kiliwapeleka mamia ya watoto hospitalini.

Wajua kwamba wapo wasioweza kushika kipanya wala kugusa kioo? Hutumia kibodi pekee, fimbo ya kinywani, swichi moja au pumzi. Fomu isiyopitika kwa kitufe cha Tab hawataimaliza.

Na asiyeona mwenye simu ya vitufe isiyotamka? Menyu ya pesa za simu hukatika kabla hajafika mwisho, kwa hiyo humpa mwingine simu pamoja na namba ya siri. Huko ni kulazimishwa kumkabidhi mtu akiba yako yote.

Je, wajua kesi ya Sydney? Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika mwaka 1999 kwamba tovuti ya Olimpiki ya 2000 haisomeki kwake: picha hazina maelezo, majedwali ya matokeo hayafikiki. Toleo la kwanza la miongozo ya WCAG lilikuwa limetolewa Mei mwaka huo na W3C, shirika lililoanzishwa na Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti. Waandaaji walidai marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2. Wataalamu upande wa Maguire walisema kikosi kidogo kingemaliza kwa wiki nne hivi. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ikampa haki Maguire, michezo ikafanyika bila tovuti kurekebishwa ipasavyo, na waandaaji wakatozwa dola 20,000 za Australia.

Wajua kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara ya 9? Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Kenya ikaenda mbele zaidi mwaka 2022 kwa kutoa kiwango chake, KS 2952, cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Anayeandika zabuni ya tovuti ya wizara au kaunti anaweza kuitia namba hiyo kwenye masharti, mkandarasi akabanwa kabla hajalipwa.