Kwa nini mtu ampe damu asiyemjua?

Mnamo Oktoba mwaka 1921, hospitali ya King's College jijini London ilipiga simu katika ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Camberwell, ikiomba mtu wa kutoa damu kwa haraka. Katibu wa ofisi hiyo, Percy Lane Oliver, alikwenda mwenyewe pamoja na wenzake kadhaa, na damu ya muuguzi mmoja kati yao ndiyo iliyomfaa mgonjwa. Baada ya siku hiyo Oliver alianza kuandikisha watu walio tayari kuitwa wakati wowote, usiku au mchana, bila malipo.

Je, msikilizaji, wangelipwa wangeongezeka? Mfanyabiashara atajibu ndiyo. Mtaalamu wa sera za jamii Richard Titmuss alikataa. Katika kitabu chake cha mwaka 1970, alilinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako nyingine ilinunuliwa. Mwenye dhiki ya fedha, alisema, ana sababu ya kuficha maradhi yake. Tena bei huiondolea hisani heshima yake.

Hoja ya kwanza ilikubalika: tangu mwaka 1978, chupa au mfuko wa damu Marekani sharti uoneshe kama mtoaji alilipwa au alijitolea. Ya pili ilingoja majaribio. Mwaka 2008, wanauchumi wawili nchini Sweden walichapisha matokeo yao. Wanawake walipoombwa tu, asilimia 52 walikubali kuwa wachangiaji. Walipoahidiwa krona 50, walishuka hadi asilimia 30. Waliporuhusiwa kuzitoa fedha hizo kwa shughuli ya hisani, wakarejea asilimia 53. Kwa wanaume fedha hazikuleta tofauti kubwa, jambo ambalo wafuasi wa Titmuss hupenda kulipita kimya.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Uingereza ipo sababu nyingine. Wagonjwa wa selimundu, ambao wengi wao wana asili ya Afrika na Karibiani, mara nyingi huhitaji kuongezewa damu, na aina inayowafaa zaidi, kama ile iitwayo Ro, hupatikana kwa wingi kwa watu wa asili hiyo. Anayeitwa hapo haombwi huruma ya jumla. Anaelezwa kwamba damu yake ni vigumu kuipata kwa jirani. Wito wa namna hiyo, kwa maoni yetu, una nguvu kuliko bango lolote.

Nchini Sweden, damu inapotumika, mtoaji hupelekewa ujumbe mfupi wa simu. Jina la mgonjwa halitajwi.