Miwani ya Mbali na Karibu: Itazame Kazi Yako Kwanza



Wazazi wengi wanaokuja kupimwa macho wanatuuliza juu ya miwani "ile isiyo na mstari", ambayo mtoto aliyeko Tanga au Dar es Salaam ameahidi kuwanunulia. Madukani huitwa progresivu. Ni miwani nzuri, lakini bei yake ni kubwa, na kwa mtu wa Lutindi anayepanda na kushuka milima kila siku inaweza kumwangusha. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuieleze mwezi huu.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi laini ambayo hunenepa kidogo kila tunapotazama kitu cha karibu. Mtu akifikia miaka 40 hivi, lenzi hiyo huwa imekakamaa kiasi cha kumsumbua. Ndipo anaposogeza kitabu cha nyimbo mbali na uso, hata mkono unakuwa mfupi. Huu si ugonjwa wala si kurogwa, na hakuna dawa ya matone ya kienyeji itakayourudisha ujana wa jicho. Tafadhali msitie kitu chochote machoni kwa ajili hiyo. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba kiasi cha watu 62 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na hali hii. Kati yao, waliokuwa na miwani ya karibu walikuwa 6 tu katika kila 100.

Dawa yake ni miwani, na si jambo geni katika Kanisa: Mdominiko mmoja, Giordano wa Pisa, aliisifu katika mahubiri yake huko Florence mwaka 1306, akisema ufundi huo haukuwa umetimiza miaka ishirini. Iliyo rahisi kuliko zote ni miwani ya kusomea, yenye namba moja ya karibu. Wengi wanaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa miwani ya karibu bure. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliopewa walichuma kiasi cha kilo 5 zaidi kwa siku kuliko ongezeko la wenzao. Sisi wa milima ya chai tunajua kilo 5 ni nini.

Baifoko ni ile yenye mstari: juu namba ya mbali, chini namba ya karibu. Progresivu ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959, kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz. Hii haina mstari. Nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu kwenda chini, hivyo kuna sehemu ya mbali, ya kati na ya karibu. Lakini pembeni, chini kushoto na kulia, kuna ukungu. Hilo si kosa la fundi, ndivyo lenzi yenyewe ilivyo. Mwenye kuivaa hujifunza kugeuza kichwa badala ya kuzungusha macho tu, na huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili au zaidi, kuizoea.

Sasa fikiri juu ya mteremko. Ukishuka njia yetu wakati wa mvua, unatazama miguu kwa sehemu ya chini ya lenzi, yaani sehemu ya kusomea. Jiwe linaonekana kwa ukungu, na kina cha hatua hakipimiki vizuri. Baifoko ina taabu hiyo hiyo. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2010, wazee 606 waliozoea miwani ya namba zaidi ya moja walifuatiliwa, na nusu yao wakapewa miwani ya mbali tu ya kutembelea nje. Kwa wale waliotoka mara kwa mara, kuanguka kulipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Lakini wale waliotoka kwa nadra walianguka nje zaidi kuliko wenzao; kwa hiyo bibi ambaye hatoki sana, na amezoea miwani yake, asibadilishiwe ovyo.

Ushauri wetu basi ni huu. Mkulima anayeona mbali vizuri anahitaji miwani ya kusomea tu, aiache nyumbani au mfukoni anapokwenda shamba. Mama mshonaji vivyo hivyo, ila akapime akiwa na sindano mkononi, umbali ule ule wa cherehani. Katekista aeleze umbali wa kitabu pale mimbarini, maana ni mbali kuliko kitabu cha mkononi. Anayefaidi hasa progresivu ni mwalimu anayetazama ubao, wanafunzi na daftari kwa dakika moja, au mpiga kinanda anayefuata noti na kiongozi wa kwaya.

Usikubali inunuliwe mjini kwa kukisia namba. Kwanza jicho lenyewe lichunguzwe, kwani mtoto wa jicho, presha ya jicho na kisukari havitibiwi kwa miwani, na presha ya jicho huiba uwezo wa kuona bila maumivu. Kisha uchague fremu, uivae, na fundi apime umbali wa mboni zako na kimo chake kutoka chini ya fremu. Lenzi nyingi za progresivu huhitaji kiasi cha milimita 18 hapo, kwa hiyo fremu nyembamba za mtindo hazifai. Fundi asiyepima kimo hicho, ondoka dukani kwake. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama watairekebisha au kuibadili ukishindwa kuizoea, na muda wa kuirudisha uandikwe kwenye risiti.