Gari la Mbio na Mfuko Mwembamba

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maneno haya nilikuwa nikiyaandika tu katika insha hadi siku ile mwaka jana nilipoketi kando ya binamu yangu ndani ya Subaru Impreza yake, tukiteremka Mai Mahiu. Alikanyaga breki, kikanyagio kikazama kama aliyekanyaga matope. Alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama kando ya barabara, hatua chache tu nyuma ya lori. Lo! Sikunena neno hadi harufu ya kuungua ilipoisha.

Binamu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 90,000 ili aliongeze gari lake nguvu. Nusu ilikuwa imekwisha kwenye ekzosi pana yenye kunguruma kama simba. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na njia yangu ya jioni hupita gerejini, basi nikamwuliza fundi kosa lilikuwa wapi.

Alinieleza kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji huchemka mapema zaidi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndipo kikanyagio hulainika. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, kazi ya breki haiwi mara mbili bali mara nne! Sasa wewe unayeongeza mbio bila kugusa breki, unajipeleka wapi?

Kwa hivyo mwenye pesa kidogo aanze na servisi: oili, plagi na chujio la hewa. Impreza nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na huenda nguvu unayoitafuta ilipotea tu kwa uchakavu. Kisha breki: mafuta mapya na pedi nzuri. Halafu tairi. Kila tairi hugusa lami kwa sehemu ndogo kama kiganja, na nguvu yote ya injini lazima ipite hapo. Usidanganywe na kashata nzito za tairi kuukuu. Tazama ubavuni namba nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Shokabzoba zikivuja, nazo zibadilishwe.

Na turbo je? Hapa ndipo vijana wengi hupotelea. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, ikiendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Ni kweli inasaidia. Lakini injini iliyoundwa bila turbo haikuandaliwa kwa msukumo huo. Petroli huweza kulipuka kabla ya wakati wake na pistoni ikapasuka. Kwa maoni yangu, heri uuze gari hilo, uongeze akiba, ununue lililotoka kiwandani na turbo yake. Spoila kubwa ya nyuma nayo, kwa mwendo wa mjini, ni pambo tu.

Vijana mtaani hupenda kumtaja Colin McRae aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza. Wanasahau kwamba nyuma yake kulikuwa na mafundi wa kuikagua breki na tairi kila liliposimama. Binamu ana fundi mmoja na mimi wa kushika tochi.

Ekzosi ile aliiuza kwa hasara, akanunua pedi, mafuta ya breki na tairi mbili za mbele. Likizo iliyopita tuliteremka tena Mai Mahiu, gia ya tatu, polepole nyuma ya malori. Breki zilishika barabara. Mimi hata hivyo sikuuachilia mlango hadi tulipofika chini.