Senema za Krismasi na Mitaa Yetu

Siku chache kabla ya Krismasi iliyopita, mzee mmoja wa mtaani kwetu alitujia barazani baada ya sala ya alasiri, uso umemkunjamana. Mjukuu wake, mtoto wa miaka minane anayesoma skuli asubuhi na chuoni jioni, alikuwa amemletea simu ya mama yake na kumwuliza: “Babu, huyu ndiye Nabii Isa?” Ndani ya simu alikuwamo mtu mwenye nywele ndefu, amezungukwa na wavuvi, anazungumza Kiswahili kilichonyooka. Mzee alitaka tumwambie ni nani aliyekitengeneza kitu kile, kimeingiaje nyumbani mwake bila ya kubisha hodi, na kama Serikali imelala au iko macho.

Tulimwahidi jibu. Na kwa kuwa swali lake hurudi kila mwaka inapokaribia tarehe 25 Disemba, mara kwa masheha, mara kwa wakuu wa wilaya, mara katika safu za barua za gazeti hili, tumeona ni vyema tulijibu hadharani.

Picha aliyoiona mtoto yule, kwa jinsi tulivyoelezwa, hapana shaka ni ile iitwayo “Jesus”, iliyotolewa Marekani mwaka 1979. Mwenye fikra yake alikuwa Bill Bright, mwanzilishi wa jumuiya ya wahubiri wa Kimarekani iitwayo Campus Crusade for Christ. Mtengenezaji wake alikuwa John Heyman, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani na kukulia Uingereza. Ilipigwa nchini Israel mwaka 1978, na aliyeigiza nafasi ya Yesu, kama wenzetu wamwitavyo, ni Mwingereza Brian Deacon. Gharama zake zilikuwa kiasi cha dola milioni 6, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa tajiri wa mafuta wa Texas, Nelson Bunker Hunt. Maneno yasemwayo humo yametolewa takriban yote katika Injili ya Luka, kuanzia habari za kuzaliwa, na ndiyo sababu picha hiyo hufaa kuonyeshwa msimu wa Krismasi.

Katika majumba ya senema ya huko kwao haikupata kishindo kikubwa. Lakini mwaka 1981 wenyewe waliunda idara maalumu, chini ya Paul Eshleman, ya kuitafsiri na kuipeleka vijijini ulimwenguni kote. Hivi leo imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, na hakuna senema nyingine iliyotafsiriwa kufikia idadi hiyo. Msomaji na asimame kidogo hapa. Lugha zaidi ya 2,000! Ziko lugha nyingi katika hesabu hiyo ambazo hazijapata kusikika hata siku moja katika redio ya nchi yao.

Jinsi kazi hiyo inavyofanywa inastahili kuelezwa, maana ndimo ilimo siri yake. Picha haiguswi. Mfasiri hupewa maneno ya Luka, akayapima sentensi moja moja na midomo ya mwigizaji: mdomo ukifunguka kwa nukta tatu, sentensi nayo iishie katika nukta tatu. Lugha ya maneno marefu kama yetu hulazimika kupunguzwa hapa na kuvutwa pale bila ya kuharibu maana, na atakayedhani ni jambo jepesi na ajaribu. Kisha hutafutwa wasemaji wa lugha hiyo hasa, mzee kwa mzee na mwanamke kwa mwanamke, wakarikodiwa. Vishindo vya umati, upepo na muziki vimehifadhiwa mbali na maneno, hivyo huachwa kama vilivyo. Mtu aketiye mbele ya picha hiyo humsikia Petro anazungumza kama mjomba wake.

Tuliwahi kuyaona haya kwa macho yetu. Miaka ya mwanzo ya 2000 tulikuwa kazini bara, katika kijiji ambacho umeme ulikuwa haujafika. Wiki moja kabla ya Krismasi lilikuja gari na jenereta, mtambo wa magurudumu ya filamu, na shuka kubwa jeupe lililofungwa katika milingoti ya goli la uwanja wa mpira. Kijiji kizima kilitoka, Waislamu, Wakristo na wasio na dini, kwani hapakuwa na tamasha jingine usiku ule. Watoto waliokosa nafasi walikaa nyuma ya shuka wakaitazama picha kinyumenyume, wasione tofauti yoyote. Ilipofika mahali pa kupigwa mijeledi, akina mama walilia kwa sauti, na mzee mmoja aliyekaa karibu nasi, mvaa kofia kama sisi, alisema polepole, “Jamani, mwacheni.” Na ilipofika wakati wa kubadilisha gurudumu, mhubiri alisimama mbele ya taa, akashika kipaza sauti. Hapo tulielewa kwamba picha ilikuwa ni kukaribisha wageni. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ndiyo yale.

Mtindo huu si mgeni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Misheni lilisimamia utengenezaji wa filamu 35 za kuwaonyesha Waafrika wa Tanganyika na nchi jirani, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Zile hazikuwa za mahubiri; zilifundisha kilimo, afya na mambo ya fedha, na zilizungushwa kwa lori toka nchi hadi nchi. Lakini zaonyesha kuwa wamisheni walikwishatambua mapema nguvu ya picha inayotembea. Huko Ulaya na Marekani walikuwa wametangulia zaidi: mwaka 1912 kampuni ya Kimarekani ilikwishafunga safari hadi Misri na Palestina kupiga picha ya maisha ya Yesu, tangu hori la ng'ombe mpaka msalabani.

Na kabla ya picha kulikuwa na lugha. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza, aliyefika Unguja mwaka 1864, hakuanza kwa kuhubiri barabarani. Alianza kwa kukaa chini kujifunza Kiswahili cha hapa, akachapisha kitabu cha sarufi yake mwaka 1870, akatafsiri na kupiga chapa. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko la watumwa lililokuwa pale kufungwa. Walioichagua siku hiyo walijua vyema namna ya kusema jambo bila ya kutamka neno. Hatuoni haya kukiri kwamba watu hawa, ambao katika itikadi tunapishana nao mbali, waliithamini lugha yetu wakati baadhi ya wenyewe tuliona fahari kuandika Kiarabu tu.

Tugeukie sasa kile kilichomkera mzee wetu, yaani sura ya Nabii kuonekana kiooni. Sisi tuliopita chuoni tulifunzwa kuwa Mitume hawachorwi wala hawaigizwi, na jambo hili si dogo. Mwaka 1926, Yusuf Wahbi, mwigizaji mashuhuri wa Misri, alipotaka kuigiza nafasi ya Mtume Muhammad, wanazuoni wa Al-Azhar walimpinga vikali hata akaacha. Moustapha Akkad alipotengeneza “Ar-Risala” miaka ya 1970, ilimbidi apige picha nzima ya maisha ya Mtume bila ya Mtume kuonekana wala sauti yake kusikika, na bado alipata misukosuko. Lakini hata miongoni mwa Waislamu hakuna kauli moja juu ya Nabii Isa: mwaka 2007 Nader Talebzadeh wa Iran alitoa picha inayomwonyesha Masihi kwa mtazamo wa Kurani, na mwigizaji wake anaonekana waziwazi. Wakristo nao wana historia yao ya kuta na vioo vya makanisa vilivyojaa sura. Kwao picha hiyo ni ibada. Lililoharamishwa kwetu halikuharamishwa kwao, na hakuna sheria iliyomlazimisha mtu yeyote kuitazama.

Twaandika hivi tukijua ni wapi tuandikapo. Mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa moto hapa kisiwani, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo padri mmoja alipigwa risasi akajeruhiwa. Miezi miwili baadaye padri mwingine aliuawa. Tangu hapo kila kikao cha ulinzi na usalama kinachofanyika mwezi wa Disemba huwa na jambo hili mezani hata kama halikuandikwa katika ajenda. Baadhi ya maofisa wetu huona njia nyepesi ni kuzuia: pasiwe na shuka, pasiwe na kipaza sauti, pasiwe na maneno. Twawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, zote mbili katika kifungu cha 19, zimempa kila mtu uhuru wa dini yake. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya walio wengi. Walio wengi hawana haja nacho.

Tunalo la kueleza kuhusu vibali. Mwaka mmoja, jirani zetu Wakristo walipeleka barua katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, kuomba kuonyesha picha ya Krismasi ndani ya ua wa kanisa lao. Barua ilipelekwa mwezi wa Novemba. Jibu lilitoka mwezi wa Januari, nalo lilikuwa la kukubali! Tulicheka, na wao pia walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa sawa na chetu. Maulidi yetu hufungwa barabara na kutundikwa vipaza sauti mpaka usiku wa manane, na kibali chake hutoka siku hiyo hiyo, kama kinaombwa. Tunaomba barua zote zipite mlango mmoja, zijibiwe kwa maandishi na kwa wakati. Ofisa akiwa na shaka juu ya picha yenyewe, lipo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ambalo kazi yake ni hiyo. Sheha hana haja ya kujigeuza mkaguzi wa filamu.

Kwa upande wa ndugu zetu Wakristo nao tuna neno, tutalisema bila ya kuzunguka. Kuonyesha picha katika ua wenu, mkamkaribisha atakaye, ni haki yenu. Kuelekeza vipaza sauti kwenye madirisha ya watu wanaosali Isha si ujirani. Kumgawia mtoto wa mwenzio memori kadi yenye senema ndani yake, bila ya mzazi kujua, hata ikipambwa kwa karatasi ya sikukuu, ni kuingilia nyumba ya mtu. Na wale watokao mbali wakichanganya mgao wa mchele na tangazo la picha wanaivunjia heshima njaa ya watu, na nadhani wanaivunjia heshima hata Injili yao. Wachungaji wa hapa wenyewe, tuliozungumza nao, hawakutuficha kwamba vitendo hivyo huwaletea taabu wao, si wageni waliokwisha panda boti na kuondoka.

Lakini nani atatuamini tukisema hayo bila ya kujitazama sisi? Miaka ya 1980 na 1990, kanda za mihadhara zilitapakaa mitaani, Biblia ikafunguliwa na kusomwa ili mwenyewe achekwe. Tulizinunua, tukazisikiliza madukani sauti ikiwa juu, na jirani Mkristo akipita njia alikunja shingo. Wengi walioupenda mchezo huo wakati ule ndio leo wanaoshangaa senema ya mtu mmoja ndani ya simu.

Kuna jambo jingine ambalo hutuuma zaidi kuliko simu ya mtoto. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ilhali Tanzania bara ilingoja hadi mwaka 1994. Tamasha la kimataifa la filamu limefanyika hapa tangu mwaka 1998. Vijana wetu wanajua kushika kamera. Basi ni ipi picha ya Kiswahili, iliyotengenezwa Unguja au Pemba, inayomsimulia mtoto wa miaka minane habari za Maryamu kama zilivyo katika sura iliyopewa jina lake? Inaweza kutengenezwa bila ya kumwonyesha Mtume yeyote. Akkad alikwishatuonyesha njia. Wengine wamekaa wakaipima sentensi kwa midomo ya mwigizaji katika lugha zaidi ya 2,000. Sisi tumekaa tukaandika barua za malalamiko katika lugha moja.

Tulirudi kwa mzee wetu siku ya tatu, tukamweleza haya kwa ufupi. Alitusikiliza, akasema kuwa tumechelewa, kwani mjukuu hakusubiri. Usiku ule ule mzee alimkalisha jamvini, akamsomea aya za Surat Maryam na kumfasiria: uchungu ulivyompata Maryamu chini ya mtende, na jinsi alivyoambiwa autikise shina ili tende mbivu zimdondokee. Mtoto aliuliza mtende ule ulikuwa mkubwa kiasi gani. Babu akamwonyesha mnazi uliopo uani, akamwambia, pengine kama ule. Kijana akatoka nje na taa, akaenda kuutikisa.