Mwaka wa Kwanza Makerere

Mhariri ameniomba niwaeleze wadogo zangu wa kidato cha sita mambo ya chuo kikuu. Nimekubali kwa furaha. Lakini sitaeleza sana habari za majengo na michezo, kwani hizo mtaziona wenyewe. Nitaeleza habari za hofu, kwa sababu hofu ilikaribia kunirudisha nyumbani kabla ya muhula wa kwanza kwisha.

Niliondoka Arua kwa basi mwezi wa Agosti, mwaka 2022. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo. Tulivuka Mto Nile pale Karuma, na jioni nikafika Kampala, mji ambao wengi wa watu wake husema Kiganda, nami sikijui. Kesho yake nilipanda kilima cha Makerere. Jengo kuu la mwaka 1941, lililoungua Septemba 2020, lilikuwa likijengwa upya. Nilikumbuka tuliyofundishwa hapa shuleni, kwamba chuo hiki kilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Nikajiona mtu mkubwa.

Furaha hiyo haikudumu wiki mbili. Hapa shuleni kengele hutuamsha, kengele hutuita darasani, na asiyeonekana hutafutwa na kiranja. Huko hakuna kengele. Katika somo la hesabu tulikuwa karibu watu mia tatu katika ukumbi mmoja. Mwalimu alisema, akaandika, akafuta, akaenda zake. Kila mwanafunzi huandikwa katika bweni fulani, lakini wengi hulala nje ya chuo. Mimi nilipanga chumba katika hosteli ya Kikoni, chini ya kilima, kwa hiyo baada ya masomo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Tena mimi ni mtu wa haya. Hapa shuleni nilisifiwa kwa kukaa kimya. Watu waliita adabu. Basi nilidhani adabu hiyo itanifaa huko pia. Katika wiki ya kwanza sikuelewa jambo moja la hesabu, nikanyamaza. Wiki ya pili ilijengwa juu ya jambo lile lile, na ya tatu juu ya ya pili. Jaribio la kwanza lilipokuja nilipata alama 9 katika 30.

Nilijifungia chumbani siku tatu. Niliwafikiria wale ng'ombe wawili. Nikahesabu fedha zangu, nikaona nauli ya kurudi Arua ipo. Siku ya tatu usiku askari wa hosteli aligonga mlango. Alikuwa mzee wa kwetu, na tangu nifike tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nimeshindwa na masomo."

"Umemwambia mwalimu wako?"

"Bado."

"Ng'ombe akipotea porini naye asilie, nani atajua alipo? Kesho nenda."

Kesho yake nilikwenda, magoti yakitetemeka. Kumbe mlangoni pa ofisi ya mwalimu yule palibandikwa karatasi yenye saa za kuwaona wanafunzi, tangu muhula ulipoanza. Nilikuwa nimepita pale kila siku. Mwalimu hakunikaripia. Alichukua kalamu akasema, "Tupige hesabu kwanza, kisha utaogopa."

Hapo ndipo nilipofahamu jinsi mambo yanavyokwenda. Muhula una wiki 17: wiki 15 za masomo na 2 za mitihani. Kazi za muhula hupewa alama 40, na mtihani wa mwisho alama 60. Ukipata jumla ya 50 umefaulu somo. Ukishindwa, hufukuzwi kwa ajili ya somo moja. Utalirudia litakapofundishwa tena. Somo letu lilikuwa na majaribio mawili ya alama 30 kila moja. Mwalimu akanionyesha kwamba nikipata 25 katika jaribio la pili, jumla itakuwa 34 katika 60, yaani karibu 23 katika zile 40. Hivyo katika mtihani ningehitaji kama 27 tu katika 60. Mzigo nilioudhani mlima ulikuwa kichuguu.

Kisha akanieleza lile jambo la wiki ya kwanza. Lilichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo niliyoiogopa kwa wiki nyingi. Akaniambia pia nitafute wenzangu wa kusoma nao. Tulikutana watano, kila Jumamosi, katika maktaba kuu. Siku ya kwanza kila mmoja alitaja asichokielewa, nikashangaa kusikia kwamba watatu walikwama pale pale nilipokwama mimi. Walikuwa wamenyamaza wakiniona mimi nimenyamaza, wakadhani naelewa!

Mwisho wa muhula nilipata alama 58. Si alama za kujivunia, lakini nilifaulu, na ng'ombe wa baba hawakupotea bure.

Basi, wadogo zangu, nawaachia mambo matatu. La kwanza, wiki ya kwanza soma kila karatasi iliyobandikwa ukutani na milangoni, maana huko karatasi ndiyo kengele. La pili, usilipokee jambo usilolielewa likalala nawe zaidi ya wiki moja. Mfuate mwalimu saa zake. La tatu, tafuta wenzako mapema, hata kama lugha zenu ni mbalimbali. Na ikiwa huzuni inakuzidi hata huwezi kutoka chumbani, chuo kina ofisi ya ushauri kwa ajili ya wanafunzi. Kwenda huko si aibu.

Haya yangu haijaisha. Mpaka leo nikinyoosha mkono ukumbini, moyo hunidunda. Lakini naunyoosha. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami nimejifunza kwamba kunyamaza si adabu siku zote.