Goti Lililoumia na Picha ya Kompyuta: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupimwa

Neno bodaboda lilizaliwa hapa kwetu mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Siku hizi pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na ajali zake huumiza magoti mengi. Hatari hiyo pia humkabili dereva wa lori anayeruka kutoka juu ya gari lake Malaba, na mpakiaji anayeteleza na gunia begani sokoni Busia. Wananchi wengi wakishaumia hujiuliza: je, ni lazima kupimwa kwa siti-skani? Na kipimo hicho huonyesha nini ambacho eksirei haionyeshi?

Kivuli na umbo kamili

Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, hutoa kivuli cha mfupa. Kivuli hicho hutosha kwa majeraha mengi. Hata hivyo, katika kiungo kama goti, mfupa mmoja huweza kuuficha mwingine, na ufa mdogo usionekane.

Siti-skani hufanya kazi tofauti. Mgonjwa wa kwanza alipimwa kwa mashine hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971, kutokana na kazi ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine huzunguka mwili na kupiga picha nyingi, kila moja ikiwa kama kipande chembamba cha mkate, mara nyingi chini ya milimita 1. Kompyuta hupa kila sehemu namba kulingana na uzito wa kitu kilichopo: hewa ni -1,000, maji ni 0, na mfupa ni mamia kadhaa au hata zaidi ya 1,000. Kwa kutumia namba hizo, kompyuta huondoa nyama, hubakisha mifupa, kisha hupanga vipande vyote hadi umbo kamili la goti litokee kwenye skrini.

Daktari wa mifupa anaweza kuligeuza umbo hilo pande zote. Anaweza hata kuuondoa mfupa wa paja kwenye skrini na kutazama uso wa mfupa wa muundi kutoka juu, kama mtu anayefunua sufuria. Akiona sehemu imebonyea, hupima imeshuka milimita ngapi, na huamua kama upasuaji unahitajika, akate wapi na skrubu zipite wapi, kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Katika nchi jirani, Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, Uganda, imewahi kushirikiana na wataalamu wa Kanada kupima miguu iliyokatwa kwa skana, kuiunda upya ndani ya kompyuta, na kuchapa sehemu ya mguu wa bandia inayomtosha mgonjwa.

Nani anahitaji kipimo kipi?

Si kila goti linaloumia linahitaji siti-skani. Kipimo cha kwanza ni mikono na maswali ya mhudumu wa afya. Kwa goti lililoumia ghafla, madaktari wengi hufuata kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada. Mgonjwa hupigwa eksirei akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- ana umri wa miaka 55 au zaidi;
- hakuweza kupiga hatua nne baada ya kuumia, na bado hawezi afikapo hospitalini;
- hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90;
- anaumia akibonyezwa kwenye pia ya goti pekee, au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba ulio upande wa nje.

Siti-skani hufuata pale eksirei inapoonyesha mvunjiko unaoingia ndani ya kiungo, au inapoacha shaka. Kano na gegedu zilizochanika huonekana vizuri zaidi kwa emarai, inayotumia sumaku badala ya mionzi. Kwa mzee mwenye maumivu ya goti ya miaka mingi, mara nyingi eksirei ya kawaida akiwa amesimama hutosha.

Wajibu wa mgonjwa

Usikubali goti lililovimba baada ya ajali livutwe au likandwe kabla halijapimwa. Vipande vilivyovunjika vinaweza kusogea zaidi. Uso wa kiungo ukiunga ukiwa haulingani, gegedu husagika na maumivu huweza kudumu maisha yote. Fika mapema katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au katika hospitali kama Kocholya na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia.

Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, amwambie mtaalamu kabla ya eksirei au siti-skani. Mwenye chuma mwilini aseme kabla ya emarai. Uliza mapema pia kama SHA italipia kipimo chako.

Ukipewa rufaa kwenda Eldoret au Kisumu, beba ripoti pamoja na CD yenye picha zote. Karatasi yenye picha mbili tatu haiwezi kugeuzwa kwenye skrini, CD inaweza. Ukiiacha nyumbani, huenda ukalazimika kupimwa upya, kulipa tena na kupata mionzi mara ya pili.